Mngojane: niliyoyasema kwa viongozi wa jumuiya kuhusu Meza ya Bwana

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye semina ya wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya. Wengi hamkuwepo, wengine mlikuwa kazini wengine msibani, na mmenitumia meseji mkiniomba niiandike yote, kwa hiyo naiweka kama nilivyoiongea. Zile picha za ukutani nimeziacha, hamtapungukiwa kitu.

Bwana asifiwe! Bwana asifiwe tena!

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Haya, kaeni vizuri maana leo nina mengi.

Nianze na swali na kila mtu ajijibu kimoyomoyo. Jumapili ile ya mwisho tulipokuwa na Chakula cha Bwana, ulikula na nani? Kwamba ulishiriki najua, nimewaona wote mmekwenda mbele. Nauliza ulikula na nani. Aliyepiga magoti mkono wako wa kulia anaitwa nani? Anakaa wapi? Mwezi huu kodi ya nyumba ameipata au mwenye nyumba ameshamfungia mlango? Na yule wa kushoto je? Ukimaliza ulimpa mkono, ulimuuliza hali, au ulirudi kwenye benchi umeinamisha kichwa halafu baada ya baraka ukawahi daladala?

Mimi nafundisha kipaimara, mnajua. Mwaka jana mtoto mmoja, kabinti kadogo tu, kaliniuliza mbele ya darasa zima, "Mwalimu, kama hiki ni chakula cha pamoja mbona tunakula kila mtu kaangalia mbele na hakuna anayeongea na mwenzake?" Nilimpa jibu la kitabu, kuhusu uchaji na heshima, na ni jibu sahihi kabisa, lakini lile swali halijaondoka kichwani mwangu mpaka leo. Kwa sababu mtoto ameona kitu. Ameona foleni. Tunapanga mstari, tunapiga magoti, tunapokea, tunaondoka, kama watu wanaosubiri dirishani, kila mmoja na shida zake na risiti yake. Ndugu zangu, hivi ndivyo Bwana alivyotuachia?

Twendeni Korintho.

Huo mji Warumi waliubomoa mwaka 146 kabla ya Kristo, ukakaa magofu miaka kama 100, mpaka Julius Caesar akaamuru ujengwe upya mwaka 44 kabla ya Kristo, na waliopelekwa kuujaza wengi wao walikuwa watumwa walioachwa huru. Una bandari pande mbili, Kenkrea huku na Lekayo kule, pesa inaingia usiku na mchana, kwa hiyo umejaa watu ambao familia zao zimetoka chini na sasa wanataka kila mtu aone wamepanda. Paulo alikaa pale mwaka mmoja na miezi sita akishona mahema na Akila na Prisila, na kanisa lililozaliwa pale lilikuwa mchanganyiko mtupu. Yupo Erasto, mtu wa fedha za mji. Yupo Gayo, ana nyumba ya kuweza kukaribisha kanisa lote. Na wapo watumwa, wapo vibarua, wapo watu ambao Paulo mwenyewe anasema duniani hawahesabiki.

Sasa hakuna jengo la kanisa. Wanakutana nyumbani kwa mwenye nafasi. Na Chakula cha Bwana kipindi hicho kilikuwa chakula kweli, watu wanakula wanashiba, mkate unamegwa na kikombe kinapita humohumo kwenye mlo. Lakini chumba cha kulia cha nyumba ya Kirumi kilikuwa na makochi matatu, kila kochi watu watatu, jumla 9, na wanakula wamejilaza kwa ubavu. Kanisa zima haliingii humo! Kwa hiyo kwenye makochi watakaa akina nani? Marafiki wa mwenye nyumba. Wengine uani. Na nani atawahi kufika? Ni yule anayejipangia saa zake mwenyewe, maana kumbukeni Jumapili haikuwa siku ya mapumziko, ilikuwa siku ya kazi kama Jumanne. Mtumwa anatoka bwana wake akimruhusu. Kibarua anatoka mzigo ukiisha. Anafika giza limeingia, jasho bado halijakauka, njaa inamuuma, anakuta wenzake ndani wamekula wamemaliza, wengine divai imewapanda kichwani, sahani zina mifupa. Halafu ndio waimbe pamoja wimbo wa kumsifu Bwana.

Paulo alipopata hizo habari aliandika barua, ni miaka ya 50 hiyo, na maneno yake ni makali kuliko tunavyoyasoma kwa sauti yetu ya ibada. Anasema mkutanikapo pamoja "haiwezekani kula chakula cha Bwana". Haiwezekani! Mkate upo, kikombe kipo, sala imesomwa, na bado anasema haiwezekani, kwa sababu "huyu ana njaa, na huyu amelewa". Anawauliza mnalidharau kanisa la Mungu na kuwatahayarisha hao wasio na kitu? Yaani kumwaibisha maskini mezani ni kulidharau kanisa lenyewe.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri wazee wangu. Ule mstari wa "mtu ajihoji mwenyewe" sisi tunausoma tukifikiria nini? Tunafikiria nimesema uongo wiki hii, nimemtamani mke wa mtu, nimekunywa pombe. Sawa, jihoji hayo yote, ni lazima. Lakini Paulo aliuandika kwa watu waliokula bila wenzao. Kosa aliloambiwa wanalifanya ni hilo. Kule kutoupambanua mwili wa Bwana, anakokuonya Paulo, pale Korintho kulianza na kutomwona yule kibarua aliyesimama mlangoni. Na baada ya maonyo yote yale mazito, ya hukumu na magonjwa na kufa, dawa anayoitoa ni ndogo mpaka unashangaa. "Kwa hiyo, ndugu zangu, mkutanikapo mpate kula, mngojane."

Basi. Mngojane. Hakusema tafuteni mkate bora, hakusema ongezeni sala. Mngojane.

Miaka 150 hivi baada ya hiyo barua, kule Carthage, Tunisia ya leo, walikuwepo wanawake wawili gerezani. Perpetua, mwanamke wa familia ya heshima, umri miaka 22, ana mtoto anayenyonya. Na Felicitas, mtumwa, ana mimba ya miezi minane na akajifungulia mlemle gerezani. Mwaka 203 walihukumiwa kutupwa kwa wanyama uwanjani. Ilikuwa desturi wahukumiwa usiku wa mwisho wapewe karamu, wale wanachotaka, watu wa mji wakija kuwatazama kama maonyesho. Hawa Wakristo ile karamu ya wafu watarajiwa wakaigeuza kuwa agape, yaani ule mlo wa upendo wa kanisa. Mwanamke wa heshima na mtumwa mkate mmoja, watazamaji wamejaa. Kesho yake uwanjani, ng'ombe mkali alipomwangusha Felicitas, Perpetua ambaye na yeye alikuwa ameshaangushwa alimwendea akampa mkono akamwinua. Mimi nikisoma pale huwa naona ule mkono ulianza mezani. Watu waliokula pamoja hawaachani chini.

Sasa niwapeleke mahali pagumu. Mnivumilie, hapa nitakaa kidogo.

Afrika Kusini, mwaka 1829. Kanisa la Kireformati la Waholanzi, yaani Waprotestanti wa mapokeo ya Calvin, pale Rasi, Cape ya leo, lilikuwa na swali mezani, je wazungu na watu weusi, na wale wa rangi mchanganyiko waliobatizwa, washiriki Chakula cha Bwana kwa pamoja au kila mtu kwa zamu yake? Na sinodi ile, yaani mkutano mkuu wa kanisa lao, nataka mjue hili, ilijibu vizuri. Ilisema Chakula cha Bwana kitolewe kwa washirika wote kwa pamoja bila kutazama rangi wala asili. Walijua! Hakuna anayeweza kusema zamani hizo watu hawakujua. Walijua na wakaandika.

Lakini huko kwenye sharika manung'uniko hayakuisha. Kuna wazungu hawataki kunywa kikombe kilichotoka mdomoni kwa mweusi. Wakalalamika, wakaandika maombi, wakasukuma, mpaka mwaka 1857 sinodi ikakaa tena. Safari hii ikasema hivi, kwamba ni vizuri na ni kulingana na Maandiko waongofu wapokelewe kwenye sharika zilizopo, LAKINI pale ambapo jambo hilo, kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu, linazuia kazi ya Kristo, basi hao waongofu wapewe huduma zao kwenye jengo lao peke yao.

Kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu. Mmeyasikia hayo maneno? Hawakusema hawa weusi si watu. Hawakubadilisha imani hata herufi moja. Walisema tu tuwahurumie wale ambao bado hawawezi. Ni upole, ni busara ya kikao, ni maneno ambayo na sisi tunayaongea kwenye baraza la wazee, "tusiwakwaze watu", "tuangalie amani ya usharika". Ila udhaifu wa nani? Wa mwenye kochi. Na aliyeambiwa atoke nje ni nani? Ni yule yule wa mlangoni Korintho.

Na mlango ukishafunguliwa hivyo haufungi. 1857 ni jengo tofauti. 1881 limekuwa kanisa tofauti kabisa, kanisa la misheni kwa watu wa rangi mchanganyiko, na baadaye mengine kwa Waafrika. Watoto wakakua wakiona Mungu ana meza za rangi rangi na wakaona ni kawaida. Mwaka 1948 serikali ilipoingia na siasa ya apartheid, yaani ubaguzi wa rangi kwa sheria, wapo watu wa kanisa waliosimama wakasema hii si ngeni, sisi kanisani tunafanya hivi siku zote na Mungu anatubariki. Sisemi apartheid yote ilitoka kwenye kikombe, ilikuwa na mizizi ya ardhi na dhahabu na bunduki. Nasema kanisa lilikuwa limeshaizoesha mioyo. Ukizoea kula bila ndugu yako mbele za Mungu, utashindwa vipi kuishi bila yeye mtaani?

Sasa angalieni uponyaji ulianzia wapi. Mwaka 1982, Ottawa, Kanada, mkutano mkuu wa muungano wa makanisa ya Kireformati duniani. Ibada ya kufungua ina Chakula cha Bwana. Wajumbe kadhaa weusi na wa rangi mchanganyiko kutoka Afrika Kusini, Allan Boesak akiwa mmoja wao, wakakataa kushiriki. Wakasema nyumbani kwetu hawa ndugu zetu wazungu hawatupokei mezani kwao kwa sababu ya ngozi, hapa tukae nao mbele ya kamera tujifanye tuko pamoja? Hapana. Fikiria uchungu huo. Mtu ana njaa ya meza na anakaa bila kula ili watu waone kwamba meza imevunjika. Na ule mkutano ukaona. Ukatangaza kwamba kuitetea apartheid kwa theolojia ni uzushi, makanisa mawili ya wazungu yakasimamishwa, na mwaka huohuo kanisa la misheni likaandika rasimu ya Ungamo la Belhar, likapitishwa rasmi 1986, ungamo la umoja na upatanisho na haki.

Na Novemba 1990, pale Rustenburg, mbele ya viongozi wa makanisa ya nchi nzima, profesa mmoja wa Stellenbosch, mzungu wa kanisa lile lile, Willie Jonker, alisimama akaungama dhambi ya apartheid, yake mwenyewe na ya kanisa lake na ya watu wake. Askofu Mkuu Desmond Tutu akasimama akasema mtu akiungama na kuomba msamaha, mimi sina njia nyingine ila kusamehe. Wapo weusi waliokasirika kwamba Tutu ameharakisha, na mi nawaelewa kabisa, kidonda ni chao. Lakini toka 1857 mpaka 1990 ni miaka 133, wazee wangu. Miaka 133 kutoka kwenye sentensi moja ya kikao iliyoandikwa kwa upole.

Msije mkasema hayo ya Makaburu. Hata huku kwetu.

Juni 1913, Thogoto, Kikuyu, karibu na Nairobi, kwenye misheni ya Waskoti. Wamisionari wa Kianglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti, Africa Inland Mission na wengineo walikutana siku kadhaa kuzungumzia jinsi ya kushirikiana, kwa sababu waliona aibu kumletea Mwafrika Kristo mmoja kwa mafungu kumi. Mkutano ukiisha, jioni ya mwisho, Askofu Peel wa Mombasa, Mwanglikana, akaongoza Chakula cha Bwana humohumo kwenye kanisa la Wapresbiteri, wakashiriki pamoja watu wa madhehebu mbalimbali. Watu walifurahi sana. Kumbe moto umewaka. Askofu wa Zanzibar, Frank Weston, aliposikia akamwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury akiwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwamba wamefanya uzushi. Kesi ikaenda Uingereza, magazeti yakaandika, neno "Kikuyu" likajulikana London na watu ambao hata ramani ya Afrika hawaijui. Majibu yalipotoka mwaka 1915 yalikuwa ya kuzunguka zunguka, hakuna aliyehukumiwa lakini pia hakuna aliyeambiwa arudie.

Weston mimi simchukii, na naomba msimchukie. Huyu ndiye aliyepaza sauti dhidi ya kazi za kulazimishwa za Waafrika kule Kenya baada ya vita ya kwanza, wakati wengi wamekaa kimya. Kanisa lake kuu pale Mkunazini, Zanzibar, limejengwa kwenye soko la watumwa lililofungwa 1873, na inasemekana altare ilipo ndipo palikuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Alijua meza ya Bwana imesimama juu ya nini! Na mwaka 1923, London, mbele ya umati mkubwa wa wapenzi wa ibada nzuri, aliwaambia huwezi kudai unamwabudu Yesu aliye altareni kama humhurumii Yesu aliye kwenye vibanda vya maskini. Mtu huyohuyo. Aliona sawasawa kati ya altare na kibanda, lakini kati ya altare moja na altare nyingine alishindwa kuvuka, kwa sababu kwake kuwa na askofu halali lilikuwa jambo la imani, halikuwa kiburi. Na mwaka 1918 alirudi palepale Kikuyu akakaa nao kikao, akaleta mapendekezo yake. Hawakufika kwenye meza moja, ila wamisionari walitengeneza ushirikiano ambao miaka michache baadaye, 1926, ulizaa Alliance High School. Nawaambia haya kwa sababu wapo kati yenu wenye ndugu Wakatoliki, wenye wake Waanglikana, mmeoana na mnakula sufuria moja halafu Jumapili mnaachana njia panda. Hayo maumivu yana historia, na waliogombana hawakuwa watu wabaya. Sisi Walutheri wenyewe tuligombana na Wareformati pale Marburg mwaka 1529 juu ya chakula hiki hiki, na makanisa ya Ulaya yalikuja kukubaliana rasmi kushirikiana meza mwaka 1973. Hesabuni wenyewe.

Nina habari moja ya furaha kabla sijafika kwetu.

Ujerumani, kijiji cha Herrnhut, kwenye ardhi ya bwana mmoja anaitwa Zinzendorf. Wakimbizi wa imani kutoka Moravia walikuwa wamehamia pale toka 1722 na wakaanza kugombana, hawa na mapokeo yao wale na mapokeo yao, majirani hawasalimiani. Mwaka 1727 wakaketi, wakaandikiana makubaliano ya kuishi kindugu, wakatembeleana nyumba kwa nyumba kuombana msamaha. Tarehe 13 Agosti wakaenda pamoja kanisani Berthelsdorf kushiriki Chakula cha Bwana, na kilichotokea wenyewe walikiita Pentekoste yao, watu walilia, waligombana jana leo wamekumbatiana. Lakini mi napenda kilichotokea baada ya ibada. Watu hawakutaka kutawanyika. Wanarudi kijijini vikundi vikundi wanaongea, na Zinzendorf akaona hawa wakienda kila mmoja kupika kwake wataachana, akatuma chakula kutoka nyumbani kwake wakale pamoja hukohuko waliko. Hapo ndipo ulipoanza mlo wa upendo wa Wamoravian. Na watoto wa kijiji kile ndio waliofika Rungwe mwaka 1891, na leo Wamoravian wa hapa Tanzania ni miongoni mwa walio wengi kuliko popote duniani. Chakula cha mchana, ndugu zangu. Mtu alituma chakula cha mchana.

Haya, sasa kwetu.

Msibani sisi tunajua. Msibani sinia likiletwa hakuna anayeanza, mtaulizana nani bado, kuna waliotoka mbali hawajanawa, mtoto wa marehemu bado yuko chumbani, na mtangoja hata kama wali unapoa. Hatukufundishwa na mtu. Kwa nini kinachotushinda kanisani ni hichohicho tunachokifanya msibani bila semina?

Nani hayupo kwenye meza yetu?

Wagonjwa na wazee. Karne ya pili, miaka ya 150 hivi, pale Roma, Justino Shahidi alimwandikia kaisari akimweleza Wakristo wanafanya nini Jumapili, na anasema wakishaumega mkate na kushukuru, mashemasi huwapelekea na wale ambao hawapo. Jumapili hiyohiyo! Na wenye uwezo hutoa, na kinachokusanywa kinawasaidia yatima na wajane, wagonjwa, wafungwa, wageni. Meza na sanduku la sadaka vilikuwa kitu kimoja. Sisi mgonjwa anaweza kukaa miezi bila kushirikishwa mpaka siku mtu akumbuke.

Kuna bibi mmoja nilikwenda kwake na mchungaji. Chumba kimoja, kitanda, ndoo, jiko la mkaa limewekwa nje ya mlango. Mchungaji akafungua kile kimkoba cheusi, akatandika kitambaa cheupe juu ya stuli, akatoa kikopo cha hosti na kachupa kadogo ka divai, akaanza kuvaa stola. Bibi akasema, "Baba mchungaji, ngoja kwanza." Tukangoja. Tunangoja nini hatujui, na mchungaji ana nyumba nyingine mbili za kwenda. Mara akaingia binti wa jirani na ndoo kichwani, kanga imelowa begani. Bibi akamwambia weka ndoo, njoo ukae hapa kitandani. Halafu akatugeukia, "Huyu ndiye ananichotea maji na kunigeuza usiku. Mimi nile, yeye asimame mlangoni?" Yule binti amepata kipaimara, ni mshirika kabisa, ila Jumapili hawezi kuja kwa sababu anamwangalia bibi. Hakuna mzee wa kanisa aliyekuwa amelifikiria hilo. Bibi aliyelala kitandani ndiye alilifikiria.

Pili, watu wa kazi. Hapa nasema na nyie mama zangu na mimi nikiwemo. Dada wa kazi Jumapili asubuhi yuko wapi? Amebaki anapika ili sisi tukitoka mezani kwa Bwana tukute meza nyingine iko tayari. Mlinzi aliyetufungulia geti tukienda kanisani, ni Mkristo, alishiriki lini? Nesi wa shifti ya usiku, kijana wa bodaboda anayetushusha hapo nje saa mbili kamili na anageuza kuwahi abiria wa ibada ya pili, kondakta? Hawa ndio wale wanaofika giza limeingia. Ibada zetu zote za Chakula cha Bwana ni asubuhi. Nauliza tu baraza la wazee, tunashindwa nini kuwa na moja ya Jumatano jioni? Divai inakataza?

Tatu, na hapa naomba mnisikilize bila hasira. Waliotengwa na meza. Nidhamu ya kanisa siipingi, Paulo mwenyewe aliiagiza kwa Wakorintho haohao. Lakini binti akipata mimba kabla ya ndoa tunamsimamisha, anakaa benchi la nyuma mpaka arudi kundini mbele ya watu wote, na kijana aliyempa mimba yuko kwenye kwaya, anaimba besi, anapiga magoti anapokea. Mnalijua hili. Wengine mnawajua kwa majina. Na wale wanaoishi pamoja miaka 20, wana wajukuu, hawajafunga ndoa kwa sababu mahari haijaisha au wanaona aibu kufunga bila sherehe, kila Meza wanabaki wamekaa wawili wawili kwenye mabenchi, wazima na imani yao, tunawapita. Je tunawangoja, au tumeshawasahau? Maana aliyetengwa lakini bado anangojwa, mtu humwendea. Tumemwendea nani?

Mchungaji ameniruhusu niseme kwamba Jumapili ya Meza inayokuja baada ya ibada hatutawanyiki. Kila jumuiya ije na sufuria yake, maharage, ugali, ndizi, chai, chochote, na mtu asiye na kitu aje na mikono mitupu na asiulizwe. Akina baba mtabeba meza toka ukumbini mapema, vijana watachota maji. Na hakuna meza kuu, naomba sana, hata mimi na wazee tukae tulipopata nafasi.

Lakini kabla ya hapo kuna kazi ya leo. Mmeshapewa karatasi. Kila kiongozi aandike watu wa jumuiya yake ambao Jumapili hiyo hawatafika, na pembeni aandike kwa nini, kama ni ugonjwa, ni kazi, ni kutengwa, au ni ugomvi na mtu aliyemo humu ndani. Sitaki "yupo tu nyumbani". Wa kwenda kumsalimia aandikwe jina hapohapo, na siku ya kwenda, na isipite Alhamisi. Wagonjwa majina yao mchungaji anayachukua leo hii.

Tuanze na jumuiya ya upande wa sokoni. Mzee, simama utusomee, wa kwanza nani?